Mtu Mzima Haingii Bila Mtoto

Swali lililoninyima usingizi msimu ule lilikuwa dogo. Nilijua kuwa ni dogo, na kule kujua ndiko kulikonizidishia aibu. Kwenye milima iliyo juu ya Rumonge watu walikuwa wakikimbia nyumba zao. Barabara ya Bujumbura ilipitika kwa msafara tu, wanajeshi mbele na wanajeshi nyuma. Mafuta ya taa yalipatikana kwa kujuana. Na mimi, mwenye lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, ya uongozi wa biashara, nilikuwa nikigeuka kitandani nikijiuliza: je, mtu mzima asiye na mtoto aruhusiwe kuingia kwenye chumba cha video cha shangazi yangu, au asiruhusiwe?

Swali hilo lilizaa mengine. Mtu mzima ni nani? Kijana wa sekondari aliyeanza kuota ndevu ni mtu mzima au ni mtoto wa kuletwa? Na mwanamke mwenye mimba, akija peke yake, tuseme amekuja na mtoto? Nilipofika kwa mwanamke mwenye mimba nilijua nimepotea, nikarudi mwanzo.

Jibu lilitakiwa Ijumaa, baada ya swala. Aliyelitaka alikuwa tajiri wa mawese wa mtaa wetu, mzee aliyekwenda Makka kabla ya vita na ambaye wote tulimwita Hadji. Hadji alitaka kukinunua chumba, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba sheria ya mlangoni ife. Shangazi, aliyeitunga sheria hiyo, alikuwa ameniambia kwa mnong'ono, maana sauti yake ilikuwa imekwisha: "Wewe ndiye ulisoma mambo ya biashara. Utakalosema, ndilo."

Ilikuwa heri angenipa bunduki.

*

Chumba chenyewe kilikuwa sebule yake. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyenilea. Mume wake, fundi wa mashine za boti, alileta televisheni kwa ajili ya mpira, kisha akafariki kwa malaria kabla vita havijaanza. Shangazi akabaki na televisheni, deki, na kiti kimoja kizuri ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Umeme wa mji ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, lakini majirani walizoea kukusanyika kwake jioni kusikiliza habari.

Vita vilipoanza habari zikawa ni za maiti. Jioni moja, sahani ikiwa mkononi, shangazi alisimama akaizima televisheni mbele ya watu wote.

"Hii kitu iko mu nyumba yangu," akasema. "Haitanihesabia wafu wakati ninakula."

Watu wakacheka kidogo, wakaondoka. Watoto hawakuondoka. Walibaki wamekaa mkekani wakitazama kioo cheusi, kama kwamba kingejuta na kuwaka chenyewe. Hivyo ndivyo kampuni ilivyoanza. Ninasema kampuni kwa sababu sina neno jingine, ingawa shangazi hakuwahi kuliita hivyo. Watu waliita tu "kwa watoto". Unakwenda wapi? Ninakwenda kwa watoto.

Mshirika wake wa kwanza alikuwa fundi wa redio kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira, Mkristo mwenye sauti nzito ya kwaya. Tulimwita Papa Fundi. Alivuka na kaseti za vipindi vya watoto alizopewa na ndugu zake walioishi Ulaya, akizibeba ndani ya bidoni, dumu la plastiki, iliyokatwa mdomo ili maji yasiziguse. Umeme ulipokatika kabisa, akaunganisha televisheni na deki kwenye betri ya gari kwa kisanduku alichokitengeneza mwenyewe, kisanduku kilichonuka moto na kulia kama nyuki. Betri zilijazwa kwenye mtambo wa Hadji wa kukamulia mawese, uliokuwa na mashine ya dizeli. Hadji alikubali kwa sababu alikuwa rafiki wa marehemu. Hilo likumbukwe, maana ndilo lililotufikisha kwenye swali langu.

Kaseti zilisema Kifaransa, na watoto wetu hawakujua Kifaransa. Kwa hiyo shangazi alipunguza sauti mpaka sufuri, akakaa kwenye kigoda kando ya kioo, akasimulia mwenyewe, Kiswahili na Kirundi vikipishana. Hakutafsiri, maana naye hakujua Kifaransa vizuri. Kulikuwa na kaseti ya dubu mpishi, dubu mwenye aproni ambaye kila alichopika kiliungua. Hakuna mtoto wa Rumonge aliyewahi kuona dubu. Shangazi alitangaza kuwa ni mbwa mnene wa nchi za baridi, mkwe wa nyani, na kwamba anachopika ni maharage na ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kwamba moshi ule unaonekana mpaka Kigwena. Watoto waliridhika. Hata leo nikiona dubu kwenye kitabu, neno la kwanza linalonijia ni mkwe.

Sheria ilikuja baadaye kidogo. Alasiri moja vijana wawili waliingia, wakakaa nyuma, na chini ya koti la mmoja wao kulikuwa na kitu kigumu. Hawakufanya lolote. Walitazama tu. Lakini watoto, bila mtu kusema neno, walianza kusogea kutoka kwenye kioo kuelekea mlangoni, mmoja mmoja, mpaka dubu akabaki anapikia mkeka mtupu. Kesho yake shangazi alisimama kizingitini.

"Kuanzia leo mutu mukubwa haingii bila mutoto. Awe wake, awe wa kuazima."

Alidhani "wa kuazima" ni mzaha. Siku ileile mvuvi mmoja, mtu wa mabega mapana asiye na mke, alirudi na mtoto wa jirani begani, akauliza, "Huyu anatosha?" Tangu hapo ikawa desturi. Kambi ya waliokimbia milima ilikuwa nyuma ya shule, mahema ya shitingi za bluu yamebanana, na watoto wake walikuwa wengi na hawakuwa na kitu cha kulipia. Sisi tulipokea kikombe cha mawese au kiganja cha ndagala. Basi mtu mzima aliyetaka kuingia alikwenda kwenye ua, akamwazima mtoto wa kambini mbele ya mama aliyewaleta, akalipa kwa ajili ya wawili. Na kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiazima sahani, unairudisha na chochote, hata kama ni ndizi mbili. Hakuna aliyewaambia wale wanaume, lakini walifanya hivyohivyo kwa watoto: mtoto aliyeazimwa alirudishwa na andazi mkononi, au karanga, au kipande cha muhogo wa kuchoma. Kumrudisha mtupu ilikuwa aibu.

Kina mama wa kambini wakaelewa haraka. Alasiri utawaona watoto wamejipanga kwenye ua wetu, nyuso zimepakwa mawese zikang'aa, nywele zimechanwa, wanangoja kuazimwa.

Kampuni ikakua. Katika mji mdogo wa Kizuka kikafunguliwa chumba cha pili nyuma ya ghala la mawese. Nyanza-Lac kikafunguliwa cha tatu kwa mjane wa mwalimu. Kaseti zilisafiri kwenye pikapu za msafara, zikipokezana vituo, hivi kwamba dubu akiwa Nyanza-Lac sisi tulikuwa na kobe aliyehama na nyumba ya jirani yake, na Kizuka walikuwa na treni inayoogopa madaraja. Msafara ukifutwa, kila mji ulikwama na mnyama wake. Kuna kipindi Rumonge tulikaa na kobe mpaka watoto wakawa wanamsimulia shangazi badala ya yeye kuwasimulia wao.

Kisha Kizuka watu wakakimbia, na ghala likafungwa. Nyanza-Lac mjane akavuka kwenda Kigoma na televisheni yake kichwani. Vyumba vitatu vikawa kimoja. Katika vitabu vyangu vya chuo kikuu jambo kama hilo lilikuwa na sura nzima, yenye mishale na visanduku. Kwetu lilikuwa watoto wa Kizuka wakifika mlangoni na mikeka kichwani, na shangazi akiwaambia watoto wa mjini, "Sogeeni. Hawa wanamujua dubu kuliko nyinyi."

*

Nilishuka kutoka Bujumbura na msafara, cheti cha chuo kikuu kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya begi. Nilikuwa nimeandika maombi ya kazi kila mahali penye mlango. Nilidhani nitakaa Rumonge kwa muda mfupi, nikingojea majibu. Nikamkuta shangazi ananong'ona. Mganga wa kituo cha afya alimwambia koo limechoka kwa kusema juu ya mlio wa kile kisanduku, na akiendelea sauti haitarudi.

"Basi utasema wewe," akaniambia.

Nilijaribu. Nilikaa kwenye kigoda nikatafsiri Kifaransa cha kweli, kila neno. Dubu aliposema jambo lenye maana mbili nilieleza zote mbili. Nikikosea nilijirekebisha: samahani, hakusema "nitapika", alisema "ningelipika". Dubu hakungoja. Mimi nilikuwa bado kwenye kifungua kinywa na yeye ameshaunguza chakula cha jioni.

"Dada," mtoto mmoja wa mbele aliniambia kwa upole, "ameshaungua."

Nyuma nikasikia shangazi akicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika.

Ni katika siku hizo Hadji alikuja. Alikaa kwenye kile kiti kizuri bila kuuliza, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Lisansiye," akaniambia, "mulango unaofungia mali inje, kule chuoni munauita namna gani?"

"Inategemea, Hadji."

"Nilijua utasema inategemea."

Akaeleza. Alikuwa na televisheni kubwa ya rangi, na mtu wa kumletea antena ile ya sahani. Alitaka kuonyesha mpira, na filamu za vita na za karate, kuanzia mchana mpaka karibu na saa ya kutotoka nje. Wanaume mjini walikuwa wengi na hawakuwa na pa kukaa. Watoto wangepewa Jumapili asubuhi. Mimi ningekuwa jera, msimamizi mwenye mshahara. Na dizeli, akasema akitazama kofia yake, ilikuwa imekuwa adimu sana tangu nchi jirani zifunge mipaka. Hangeweza kuendelea kujaza betri kwa ajili ya urafiki na mtu aliye kaburini.

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mkali.

"Usiniamini mimi," akamalizia. "Jaribu. Ondoa sheria siku moja, uone watu watakavyoingia. Ijumaa nipe jibu."

*

Nilijaribu Jumatano. Nilimweleza shangazi kuwa ni jaribio tu, kwamba jambo lisilopimwa halijulikani, na maneno mengine ya namna hiyo. Alinitazama, akainua mkono kama mtu anayefukuza nzi, akaenda kukaa uani.

Wanaume walijaa. Hadji alisema kweli. Walikaa kwenye kreti za soda na kwenye mikeka, magoti yamewafika kidevuni, wengine wamesimama ukutani. Watoto wa mjini walioingia walibanwa pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi chungu cha mawese kilijaa kabla dubu hajavaa aproni, nami nikafikiri: kumbe ni rahisi hivi.

Nikaanza kusimulia. Dubu akaweka maharage jikoni. Akaenda kupokea barua. Nyuma yake moshi ukaanza kupanda. Hapa ndipo kila siku chumba kililipuka kwa kicheko, na mvuvi wangu wa mabega mapana, yule aliyeanzisha kuazima, alikuwa na tabia ya kucheka mpaka kuanguka kutoka kwenye kreti, na mtoto aliyemwazima kumvuta sikio akimwambia atulie.

Siku ile hakuna aliyecheka. Nilisikia kisanduku kikilia. Mtu mmoja alikohoa. Mvuvi alikuwa ameketi amekunja mikono, anatazama kioo kama anayetazama askari akikagua vitambulisho.

"Hakuna ya vita?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Ya karate je?"

"Mutu muzima kama mimi," akasema wa tatu, akiinuka, "niko naangalia mbwa anapika." Wakamcheka yeye, si dubu. Akatoka. Mwingine akamfuata, kisha wawili pamoja, wakijipangusa suruali kama waliokaa mahali pachafu. Kabla maharage hayajawa majivu nusu ya chumba ilikuwa imekwenda.

Nilimfuata mvuvi mpaka nje. "Kaka, leo vipi? Dubu ni yuleyule."

"Dubu ni yeye," akakubali. Alionekana ana haya. "Lakini, Lisansiye, bila mutoto naonekana mujinga."

"Na ukiwa na mtoto?"

"Nikiwa na mutoto, si mimi ninayeangalia. Ni mutoto ndiye anataka. Mimi nimemusindikiza tu." Akatabasamu kidogo. "Nikicheka, nacheka kwa ajili yake."

Ndipo nikatazama kwenye ua. Watoto wa kambini walikuwa bado wamejipanga, nyuso zinang'aa kwa mawese. Hakuna mtu aliyemwazima hata mmoja. Hakukuwa na haja. Mama aliyewaleta aliwasubirisha mpaka jua likaanza kugusa milima ya ng'ambo, kisha akawageuza akawarudisha njia ya shule. Mmoja, msichana wa meno mawili ya mbele yaliyong'oka, alikuwa anatembea kinyumenyume ili aendelee kuutazama mlango.

Shangazi alikuwa amekaa pale uani muda wote.

"Sahani zimerudi tupu," akanong'ona. Hakusema zaidi.

*

Mtu mwingine angekuwa ameshajua la kufanya. Mimi nilikaa nikaona kwamba jaribio langu limethibitisha mambo mawili yanayopingana. Hadji alipopata habari aliniambia kupitia dirisha la pikapu yake, kwa furaha, "Umeona? Wanataka vita. Wape vita." Na hakukosea. Chumba cha wanaume bila watoto kinataka filamu ya vita, na kingejaa kila siku, nami ningepata mshahara wangu wa kwanza maishani. Na chumba chenye watoto kinataka betri, na betri ziko kwa Hadji. Ningeweza kushika sheria na kukaa gizani na heshima yangu, watoto wakija kutazama kioo cheusi kama siku ile ya kwanza.

Nilimwendea Papa Fundi, nikamkuta barazani amefungua redio ya mtu, vyuma vyake vimetandazwa juu ya gazeti.

"Kuna mahali pengine pa kujaza betri?"

"Iko kwa askari," akasema bila kuinua macho. "Lakini ukijaza kwa askari, kesho wapiganaji wa mulimani watasema video ni ya askari. Na iko ile mashine ya hospitali, lakini ile ni ya chanjo."

"Kwa hiyo ni Hadji tu."

"Ni Hadji tu, mamuzeli. Sasa usifikiri kuhusu Hadji anataka nini. Hiyo amekuambia. Fikiri anakosa nini."

Nilitaka kumwambia kuwa hiyo imo kwenye kitabu, tena sura ya pili, na kwamba nilipata alama nzuri. Badala yake nikaenda kwenye mtambo.

Sikuwa nimefika pale tangu utotoni. Mtambo wa Hadji uko ukingoni mwa mashamba ya michikichi, barabara ya Kizuka. Mapipa yalikuwa yamepangwa juu ya moto, chikichi zinachemka, na wanawake, wengi wao wa kambini, walikuwa wanapakua, wanatwanga, wanabeba kwenda kwenye mashine ya kukamulia. Moshi ulikuwa mzito na mtamu. Nilisimama pembeni kama ninayemngojea mtu. Nilisimama muda mrefu. Kusimama na kutazama ndicho kitu pekee ninachokifanya vizuri.

Kilichonikamata macho ni kanga. Kwenye shina la mchikichi, mbali kidogo na moto, kulikuwa na mtoto anayetambaa, amefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga, na ncha ya pili imefungwa shinani. Alikuwa ametambaa mpaka kanga ikakaza, naye anavuta. Kwenye shina la pili alikuwepo mwingine. Wakubwa kidogo, wale wa kukimbia, hawakufungwa. Walizunguka karibu na mapipa, na kila mara mwanamke mmoja aliacha mchi, akapiga kelele, akakimbia, akamshika mtoto mkono, akamrudisha, akaanza upya. Kisha mwingine. Hakuna aliyetwanga kwa muda mrefu bila kugeuka. Mmoja wa watoto alikuwa na kovu la kuungua, jipya, kuanzia kiwiko mpaka kiganja.

Nilikaa pale mpaka nikawa na hakika, kisha nikakaa zaidi kwa sababu siamini hakika zangu. Njiani kurudi nilijipinga kwa kila namna. Vipi kama akikasirika? Vipi kama kina mama hawataki? Vipi kuhusu wanaonyonya? Nilipofika nyumbani nilikuwa na majibu kwa karibu kila swali isipokuwa moja: nani atasimulia.

*

Ijumaa sikungoja aje. Nilimkuta baada ya swala, kwenye mtambo wake, amekaa kivulini na birika la chai. Mtambo ulikuwa umesimama kwa ajili ya swala na sasa unawashwa tena. Nilimsalimu, akaitika.

"Umeniletea ndiyo?"

"Nimekuletea swali, Hadji."

"Mutu akikuletea swali pahali pa jibu, ujue alisoma." Akanimiminia chai. "Uliza."

"Wanawake wako wangekamua kiasi gani kama wasingekuwa wanageuka nyuma?"

Akatazama walipo. Wakati ule ule mmoja wao aliacha mchi akakimbia, na mimi sikuwa nimempanga.

"Watoto wao waje kwetu," nikasema. "Kuanzia asubuhi mapipa yanapowashwa mpaka yanapozimwa. Wanaonyonya wabaki mgongoni, wengine wote waje. Shangazi atawalinda, na mimi, na mama mmoja wa kambini. Wewe utujazie betri. Si kwa ajili ya urafiki. Ni kwa ajili ya kazi yako."

"Na mupira?"

"Hakuna mpira."

"Na wanaume?"

"Waje alasiri. Kila mmoja na mtoto wake, au wa kuazima."

Alikunywa chai yake taratibu. Nikajizuia kwa nguvu nisimweleze upungufu wa pendekezo langu mwenyewe, ambao niliujua wote.

"Wewe ningekupa mushahara," akasema mwishowe. "Huko utapata nini? Ndagala?"

"Ndagala, na mawese kidogo."

"Shangazi yako alikupeleka universite ukule ndagala."

"Hata waliosoma wanakula ndagala, Hadji."

Hapo akacheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha akauliza lile nililoliogopa. "Shangazi yako sauti imekwisha. Wewe nimekusikia. Mbwa anaungua wewe bado uko na samahani. Nani atasema?"

Nilifungua mdomo kusema kwamba inategemea.

"Mimi," nikasema. "Na sitatafsiri."

Akatazama kwenye shina la mchikichi, kanga imekaza, mtoto anavuta.

"Mukuje na betri mbili," akasema. "Moja ikicheza, moja inajaza. Kila siku mutu wenu alete, mutu wenu achukue. Mashine ikiharibika, sina kosa."

"Murakoze, Hadji."

"Usinishukuru. Nitakuja mwenyewe kuona kama wanacheka."

*

Jioni ileile Papa Fundi aliandika sheria mlangoni kwa rangi ya boti iliyobaki, herufi kubwa za bluu, Kiswahili juu na Kirundi chini. Aliniuliza aandike nini kuhusu vijana wenye ndevu. Nikamwambia asiandike kitu. Mtu akifika tutamwona. Ninaamini hilo ndilo neno la kijasiri zaidi nililowahi kusema.

Asubuhi watoto wa mtamboni walikuja, wako nusu usingizini, wengine bado wana alama ya kanga kiunoni. Alasiri ua ukajaa tena nyuso za mawese. Mvuvi alimwazima msichana wa meno mawili, akapita na mtoto begani akinipungia kama mtu aliyesamehewa. Chumba kilikuwa kinakaribia kujaa nilipomwona Hadji anakuja peke yake, kofia nyeupe, viatu vilivyopigwa rangi. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na mke na nyumba Bujumbura.

Nilisimama kizingitini. Nyuma yangu shangazi alikuwa kwenye kile kiti kizuri, ambacho siku hiyo alikuwa ameamua kukikalia, nami nilijua ananitazama mgongo.

"Hadji," nikasema. "Mtoto yuko wapi?"

Alisoma mlango, juu mpaka chini, kana kwamba herufi zingeweza kuwa na upande wa pili. Alinitazama. Sikusogea. Akageuka, akaenda kwenye ua, na watoto waliobaki wakanyoosha shingo.

Sikungoja kuona amemchagua nani. Niliingia, nikakaa kwenye kigoda, nikapunguza sauti ya dubu mpaka sufuri, nikaanza kusema.